Mchanga Haupandi Gari

Mtaani walimwita Bwana Sentimita, naye alijua, na kusema kweli jina alilipenda. Kazi yake ilikuwa ukaguzi wa vipimo. Kila siku ya kazi alipita madukani na sokoni na sanduku lake la mawe ya mizani, akihakikisha kwamba kilo ya muuza sukari ni kilo kweli wala si porojo. Wauza mchele walikuwa wakimwona tu kwa mbali, wanaanza kuipangusa mizani. Miaka ishirini na sita hajapokea kwa mtu hata njugu ya kuonja. Mwaminifu, hilo hatumnyimi. Ila jamani, uaminifu nao ukizidi huota pembe! Nyumbani alipima urefu wa nyasi. Alipima umbali kati ya kitanda na ukuta, kulia na kushoto, na ukitofautiana alikisukuma. Watoto wake wawili, ambao sasa ni watu wazima wanaojitegemea mbali, walikua wakiamini kwamba kila baba duniani hulala na futi ya chuma chini ya mto.

Sasa tuta. Tuta ndilo lililozaa mambo yote haya, kwa hiyo tulieleze vizuri. Mtaa wao ulikuwa na njia moja tu ya kuingilia, na pikipiki zilipita pale kwa kasi ya wazimu. Wakazi wakakutana, wakaunda kamati, na mwenyekiti angekuwa nani kama si yeye? Kamati ikaamua liwekwe tuta. Kimo akakiamua mwenyekiti peke yake: sentimita kumi na tano, si pungufu. Fundi mwashi alipomaliza, Bwana Sentimita akapiga magoti, akapima, akakuta kumi na nne na kitu. Akamwambia aongeze zege. Mwashi akasema, "Mzee, hapa magari yatalia." Naye akamjibu, "Yalie. Yatajifunza."

Haya, saruji ikakauka. Unadhani gari la nani lilikuwa la kwanza kulia? Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Gari lake lilikuwa mojawapo ya zile jipu za mjini: sura ya porini, mwili wa sebuleni. Umri wake miaka kumi na saba. Ukichungulia uvunguni hukuti chesisi, ile mihimili miwili ya chuma inayobeba malori na jipu za kazi ngumu; bodi yenyewe ndiyo mifupa, kila kitu kimeshikamana na mwenzake kama ganda la yai. Kitabu cha gari kilisema kati ya tumbo na ardhi mna sentimita kumi na tisa, na kwa hesabu hiyo alikuwa na nne za akiba. Kitabu, lakini, kilikuwa kinazungumzia gari likiwa jipya. Mtu huyu aliyepima kila kitu mtaani, gari lake mwenyewe alilisoma kitabuni! Springi zilikuwa zimechoka zamani, gari limelala. Asubuhi ile magurudumu ya mbele yakapanda, yakashuka vizuri, halafu tumbo likakaa juu ya tuta. Krrrrrr! Jirani aliyekuwa akifagia mbele ya mlango wake akaacha kufagia. Bwana Sentimita akatazama mbele kama hakusikia kitu.

Angekuwa peke yake garini, tungecheka yakaisha. Lakini wiki ileile mama yake mzazi alihamia kwake kwa muda, akitoka kufanyiwa upasuaji wa goti. Mama huyu alikuwa mjane, mdogo wa umbo, mkubwa wa kauli. Alikuwa na nyumba yake ndogo nje kidogo ya mji, yenye ngazi tano za kupandia mlangoni na kibustani cha mboga nyuma, na aliipenda nyumba ile kuliko anavyopenda watu wengi. Hakutaka kuzeekea kwa mtu, hata mtu huyo akiwa mwanawe. Dada wa mazoezi ya viungo kule kliniki alimwambia mambo waziwazi.

"Bibi, wiki hizi sita ndizo zenye maneno. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, uje tulikunje. Likifika nyuzi mia, unapanda ngazi zako, unarudi kwako. Tukilizembea litakauka, na likikauka halibembelezeki."

"Nitakuja hata kwa kutambaa," akasema Mama.

Kutambaa kusingewezekana. Nyumba yao ilikuwa ya tisa kutoka tutani, na Mama alitembea na fremu yake ya kujishikiza hatua thelathini, akahitaji kiti. Teksi nazo zilikuwa zimegoma. Moja ilifika mpaka kwenye tuta, dereva akashuka, akachuchumaa, akalitazama, akageuza. Kwa hiyo Mama alikuwa na usafiri mmoja tu duniani, nao ulikuwa ile jipu ya mwanawe. Mara nne za mwanzo walikwenda vizuri, na goti likakunjika kutoka nyuzi sitini mpaka sabini na nane. Ila kila walipovuka tuta, gari lilisaga, likaruka, likadondoka, na Mama akapiga kelele, "Aii, goti langu!"

Mke wa Bwana Sentimita alikuwa mshonaji, cherehani yake iko barazani, na kelele hizo alizisikia vizuri.

"Baba watoto, si mlipunguze tu hilo tuta?"

"Tuta halina kosa," akasema. "Gari ndilo fupi."

Ndiyo hivyo, bwana. Akaamua kuinua gari. Na alipoulizwa kwa nini, alisema ni kwa ajili ya goti la Mama, na nusu yake ilikuwa kweli.

Kuinua gari si kitu cha kukurupuka, basi akaanza utafiti. Kundi la simu la wenye magari ya aina ile lilikuwa na watu mia mbili na kumi na nne, na wote walikuwa wataalamu. Akaandika swali moja la adabu: "Ndugu zangu, nataka kuinua gari, nianzie wapi?" Bora angewauliza mambo ya siasa! Wa kwanza akasema spesa tu, vile vipande vya duara vya kupachika juu ya springi, nusu siku gari limesimama. Wa pili akasema spesa ni za watu wasioupenda uti wa mgongo wao. Wa tatu akasema springi ndefu pamoja na shokamzoba zake, vinginevyo kaa na gari lako lilivyo. Wa nne akasema inchi nne. Wa tano akamwuliza wa nne kama anajua ekseli zitakaa kwa pembe gani ukiinua inchi nne. Wa nne akaingiza mama wa wa tano katika mazungumzo. Msimamizi akafunga kundi kwa saa mbili ili watu wapoe.

Lililompata zaidi lilitoka kwa mmoja aliyejiita Mzee wa Milima. Huyu alikuwa na picha ya gari lake likiwa juu ya mwamba, tairi moja linaning'inia hewani. Baadaye ilibainika kwamba mwamba ule ni kifusi cha ujenzi nyuma ya jengo la benki, lakini wakati huo hakuna aliyejua. Akamwandikia Bwana Sentimita: "Mzee, ukiinua, inua. Usiinue kama mtu anayeomba radhi." Loo! Mtu ambaye hajaomba radhi tangu apate kitambulisho cha kazi, unamwambia maneno kama hayo? Usiku huohuo alichora daftarini majedwali ya kimo, pembe, ugumu wa springi na upana wa tairi. Mke alimpita akiwa amebeba vitambaa vyake, akatikisa kichwa.

Fundi wa springi aliitwa Polepole, na gereji yake ilikuwa banda la bati lenye shimo la kukagulia magari na sakafu nyeusi kwa grisi. Akaingia uvunguni, akakaa huko muda mrefu kama aliyekwenda kulala, akatoka.

"Springi hizi zimekufa, mzee. Hapa zimebaki kumbukumbu tu. Weka mpya za kawaida, gari linarudi lilivyozaliwa. Halafu mwambie huyo mwenye tuta apunguze vidole vinne. Umemaliza."

"Mwenye tuta ni mimi."

Polepole akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Basi jiambie."

Bwana Sentimita hakujiambia. Akafungua daftari. Akataka springi ndefu, zinazozidi za kawaida kwa sentimita tatu, na tairi kubwa za kuongeza tatu. Ukijumlisha na zile tano zilizokuwa zimelala, gari litapanda kumi na moja kamili. Polepole akaguna. Akasema inawezekana, ila zaidi ya hapo asithubutu, maana gari la ganda la yai ukilinyanyua mno ekseli zinapinda zinavyofanya kazi, na mipira yake inachanika. Halafu akasema jambo ambalo ndilo desturi yake kwa kila mteja.

"Mimi siagizi springi kwa gari tupu. Niletee watu wanaolipanda. Wapande, wakae, washuke. Niwaone."

"Wote?"

"Wote. Hata anayepanda mara moja kwa mwezi."

Bwana Sentimita akaiona desturi hii ya kishamba kidogo. Mama ametoka juzi kupasuliwa, ataburutwaje mpaka gereji? Na mke ana sare za shule za kumaliza. Fundi anachotaka ni uzito, na uzito ni namba, na namba yeye ndiye mwenyewe. Jioni akaleta nyumbani mizani ya serikali yenye muhuri. Akampima Mama akiwa na fremu yake, akaipima fremu peke yake, akatoa. Akampima mke, akimwambia ni kwa ajili ya afya. Kesho yake akajaza mifuko ya mchanga, akaongeza kijiko, akapunguza kijiko, mpaka sindano ikatulia. Akaiandika kwa kalamu nene: MAMA, KILO 51 NA ROBO. MAMA WATOTO, KILO 86 NA NUSU.

Gereji palikuwa na kelele za kompresa, na Polepole alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti. "Mama watoto! Kilo themanini na sita na nusu!" Kwenye benchi alikuwa amekaa mteja mmoja, mwanamke aliyekuwa na gauni lake kwa yule yule mama watoto, akisubiri kushonewa. Habari zilifika nyumbani kabla ya gari.

Polepole akaizunguka ile mifuko iliyoketishwa vitini, imefungwa mikanda kabisa. Akachora alama ya chaki juu ya kila tairi. Kisha akasimama, akamtazama mwenye gari.

"Mchanga haupandi gari, mzee. Mchanga hupakiwa."

"Uzito ni uzito, fundi."

"Haya. Gari lako."

Nyumbani mke alikuwa amesimama mlangoni na futi yake ya kitambaa shingoni, na uso haukuwa wa kumkaribisha mtu. Akamwambia yote ya kilo themanini na sita, na ya nusu yake pia. Kisha akamwambia na hili: "Mimi nikitaka kumshonea mtu, namwita mtu. Nampima amesimama, nampima amekaa, namwambia inua mkono, inama. Wewe umempimia mama yako gari kwa mfuko wa mchanga!" Mume akasema hayo ni mambo ya nguo. Waliotangulia walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila hawakutaja guu la nani.

Springi zilikuwa zifike kesho. Kesho ya gereji mnaijua. Siku nane gari lilikaa juu ya magogo, na Mama akakosa vipindi vinne. Mke alimkunja goti nyumbani kwa kadiri alivyojua, lakini Mama akipiga kelele tu, yeye alimwachia, kwa sababu ni mkwe, na mkwe habanwi namna hiyo. Bwana Sentimita aliwaambia wasiwe na wasiwasi. Kitu kizuri kinakuja.

Na kweli kilikuja. Jumamosi jipu ilirudi, ndefu, tairi zake nene, imesimama kama jogoo juu ya jaa. Akalivuka tuta kimya. Akageuza, akavuka tena. Alivuka mara nne, jirani anayefagia akahesabu. Akapiga picha, akaituma kwenye kundi, na Mzee wa Milima akamjibu kwa alama tatu za moto. Kwa siku mbili nzima Bwana Sentimita alikuwa mtu mwenye furaha, na mtu mwenye furaha hapimi kitu.

Jumatatu Mama alivaa, akajifunga kilemba, akatoka na fremu yake mpaka kwenye mlango wa gari. Ukafunguliwa. Kiti kilimfika kifuani.

"Hiki ni nini?"

"Gari, mama."

"Letu liko wapi?"

"Ndilo hili. Nimeliinua. Sasa hatutasaga tena pale tutani."

Mama akakitazama kile kiti, akautazama mguu wake, akamtazama mwanawe. "Na mimi nani ameniinua?"

Kikaletwa kigoda. Mama ni jasiri, akakanyaga. Mguu mzima ukapanda, ule wa upasuaji ukabaki nyuma unatafuta njia, kigoda kikateleza, na kwa kitambo alining'inia kwenye mlango wa gari kwa mikono miwili, akimwita marehemu mumewe. Walimdaka. Akarudi ndani, akakaa, akanywa maji, akasema maneno yaliyokata mjadala: "Nilikuwa na goti bovu. Sasa unataka nivunjike na shingo ili vilingane?" Bwana Sentimita akapendekeza yeye na jirani wamnyanyue. Hapo ndipo alipokosea zaidi. "Mimi nilikubeba mgongoni miaka miwili," Mama akasema. "Hujafika siku ya kunipakia mimi mbele za watu. Nenda kampakie huyo mwenzangu wa mchanga." Kumbe alishaambiwa.

Mke akasema tena, "Tuta." Mume akasema tena kwamba tuta halina kosa. Wazo la kushusha gari nalo lilimjia, akalifukuza. Picha iko kwenye kundi, watu mia mbili na kumi na nne wameiona, atawaambia nini? Siku zikaenda. Jumatano ikapita, na Ijumaa, na wiki nyingine yote, na Mama alikaa dirishani mguu wake umenyooshwa juu ya stuli, akitazama jipu uani kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani shambani mwake. Kila jioni aliuliza, "Kesho tunakwenda?" Na kila jioni aliambiwa kuna mpango.

Mpango ulikuwa huu. Jumapili moja Bwana Sentimita alichukua jembe, akachimba uani mashimo manne, moja kwa kila tairi, akayasakafia kwa tofali ili matope yasiharibu vipimo. Akaliingiza gari. Likazama. Akapima: sentimita kumi na moja kamili. Mnasikia jamani? Alilipandisha gari kwa springi sentimita kumi na moja, akalishusha kwa jembe sentimita kumi na moja! Mkewe alitoka kuangalia, akacheka mpaka akakaa chini, akacheka amekaa, kisha kicheko kikageuka kilio kidogo na akarudi kwenye cherehani yake.

Lakini Mama alipanda. Mwenyewe, bila kushikwa. Jumatatu hiyo walilivuka tuta bila kusaga, na Mama akasema, "Kweli, leo halikulia." Mwanawe akavimba kichwa njia nzima.

Wakafika kliniki. Uwanja wa kuegesha magari ulikuwa wa lami, tambarare kama meza. Akazunguka, akamfungulia Mama mlango kwa madaha. Mama akachungulia chini, akabaki amekaa.

"Hapa umechimba wapi?"

Bwana Sentimita akaitazama ile lami, futi yake mfukoni, watu wanapita. Wahudumu wa kliniki wakaja na kiti cha magurudumu, wakataka kumteremsha Mama kwa makwapa. Akawaambia wakamshike nyanya yao. Mwishowe dada wa mazoezi mwenyewe akatoka nje, akakwea kwenye ukingo wa mlango, akaweka kile kipimo chake cha pembe kwenye goti palepale kitini. Akalikunja taratibu. Mama akauma kilemba.

"Sitini na nne," akasema dada. "Bibi alikuwa sabini na nane. Wiki tatu hizi mlikuwa wapi, baba?"

"Tulikuwa tunaandaa gari."

Bwana Sentimita akanyoosha mkono, akaomba kile kipimo. Akakitazama, akakirudisha kwenye sufuri, akahakikisha mkono wa kipimo haujalegea. Akaomba ruhusa ya Mama, akakiweka mwenyewe, kwa mikono ile iliyokuwa imewafungia maduka watu wengi. Sitini na nne. Maisha yake yote aliwaambia wafanyabiashara kwamba namba haibembelezwi. Sasa aliitazama namba hiyo na angetoa chochote duniani ibembelezeke. Mama akamwona uso ulivyombadilika, akageukia upande mwingine ili asimwaibishe.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Asubuhi iliyofuata alikwenda tutani na nyundo kubwa. Hakwenda alfajiri watu wakiwa wamelala. Alikwenda saa mbili na nusu, watu wote wanatoka. Jirani wa ufagio akasimama. Wengine wakasimama. Bwana Sentimita akawaambia kwamba yeye kama mwenyekiti alikosea kimo cha tuta, na wanaodai aliwaharibia magari wana haki, na zaidi ya magari amemharibia mtu mguu.

"Tulijua, mwenyekiti," jirani akasema. "Tulikuwa tunakusubiri wewe ujue."

Hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma kuliko kicheko. Akaanza kupiga. Pigo la nne halikuwa lake, jirani mwingine alikuwa ameleta nyundo ya kwake. Mpaka mchana tuta lilikuwa limebaki kimo cha kiganja, na mchana huohuo teksi ikaingia mtaani mpaka mlango wa tisa, na Mama akaingia humo, akakaa, akafunga mlango mwenyewe kwa kishindo. Polepole alizitoa springi ndefu na tairi nene, akarudisha za kawaida, na kabla hajaanza aliwakalisha garini Mama na mama watoto wakiwa hai. Kwenye kundi Bwana Sentimita aliandika sentensi moja tu, kwamba ameshusha gari, na akatoka kabla hawajaanza.

Dada wa mazoezi aliongeza wiki mbili za huruma. Mama hakukosa hata siku moja. Alikunjwa, akalia, akatukana kwa adabu, akarudi. Sabini. Sabini na sita. Themanini na moja. Halafu wiki nzima themanini na moja, na wiki iliyofuata themanini na moja. Siku ya mwisho dada aliwaambia kwamba ndipo hapo, kwamba iko njia ya kumlaza tena na kulikunja kwa nguvu, lakini kwa umri wake na moyo wake daktari hashauri. Atatembea na fimbo vizuri tu. Ngazi za kupanda peke yake kila siku, hapana. Kuishi peke yake, hapana.

Walitoka mpaka kwenye gari. Mama akafungua mlango, akakalia kiti, akaingiza mguu mmoja, akaushika wa pili kwa mikono akauingiza. Mwanawe akakaa kwenye usukani, ufunguo umeingia, hakuuzungusha. Mama akafungua mkoba wake, akatoa ufunguo wa nyumba yake uliofungwa kwenye uzi mwekundu, akauweka juu ya dashibodi mbele yake.

"Yule mwalimu aliyekuwa akiiulizia nyumba, mwambie aingie," akasema. "Asiukate mpapai wangu. Na zile mboga, kama hazitaki, awape majirani."

"Mama, nitakujengea ngazi nyingine. Fupi. Nitaweka na mahali pa kushikia, nitakuja kila asubuhi..."

"Mwanangu, umeshajenga. Mwambie aingie."

"Ni mimi, mama. Ni mimi niliyekufanyia hivi."

"Ni wewe," Mama akasema.

Hakusema kwa hasira, na hakuongeza neno la kumpoza. Bwana Sentimita akaweka paji la uso kwenye usukani, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni, mabega yanamruka. Mama alimwacha alie. Alipoona amelia vya kutosha, akavuta ncha ya kilemba chake, akamfuta pua kwa nguvu, kama alivyomfuta zamani, akamwambia, "Haya, washa gari. Umewazibia watu njia, wanapiga honi."